NBC ilikuwa na Maya na Marty, ikawapa wiki sita

Jumanne ya Mei 31, 2016, kituo cha NBC cha Marekani kiliwaonyesha watazamaji wake vipindi viwili vya burudani mseto kwa mfululizo, ingawa ni kimoja tu kilichojitangaza hivyo. Cha kwanza kilikuwa America's Got Talent, shindano la vipaji, siku hiyo kikifungua msimu mpya huku Simon Cowell akiketi kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha jaji wa kipindi hicho alichokianzisha mwenyewe. Walipita wanasarakasi, waimbaji, wafanya mazingaombwe, watoto wenye vipaji vya kutisha na watu wazima wasio na kipaji hata chembe. Ilipotimu saa nne usiku ikawa zamu ya Maya & Marty. Maya Rudolph na Martin Short walitoka kuimba, kucheza na kuigiza vichekesho vifupi, na usiku wa kwanza waliwaalika Tom Hanks, Miley Cyrus, Jimmy Fallon na Larry David. America's Got Talent kimeendelea msimu baada ya msimu. Maya & Marty kilionekana mara sita, kikashusha pazia Julai 12 na hakikurudi tena.

Maelezo yanayotolewa kila kipindi cha aina hii kinapoanguka ni yale yale: burudani mseto ilikufa miaka ya 1970, na anayejaribu kuirudisha anahangaika na maiti. Sikubaliani nayo. Kama ilikufa, wale mamilioni waliokaa mbele ya NBC tangu saa mbili usiku ule walikuwa wanatazama nini? Mpiga ngoma, mwimbaji, mrusha visu na mchekeshaji kwenye jukwaa moja, mmoja akitoka mwingine anaingia, ni mseto huo huo uliowalisha Wamarekani tangu runinga zao zikiwa na picha za rangi mbili. Kilichobadilika ni kimoja. Mseto wa saa mbili ulimpa mtazamaji sababu ya kungoja, na mseto wa saa nne haukumpa.

Rudi usiku wa Februari 9, 1964, ambao karibu kila Mmarekani wa rika fulani hudai aliushuhudia. Watu wapatao milioni 73 walifungua CBS kuwaona The Beatles kwenye kipindi cha Ed Sullivan. Vijana wale waliimba nyimbo tatu mwanzoni, wakaondoka. Aliyewafuata alikuwa Fred Kaps, mfanya mazingaombwe kutoka Uholanzi, na karata zake na chumvi iliyokuwa ikimiminika kutoka kwenye ngumi yake bila kuisha. Wakaja waigizaji wa tamthilia ya muziki iliyokuwa ikionyeshwa Broadway. Akaja Frank Gorshin kuiga sauti za waigizaji maarufu, akaja mama mnene kutoka Wales, Tessie O'Shea, na banjo yake. Wakaja wachekeshaji wawili, Mitzi McCall na mumewe Charlie Brill, waliojikuta wakicheza igizo lao mbele ya ukumbi wa mabinti waliokuwa wakiwalilia wavulana wanne walio nyuma ya pazia. Miaka mingi baadaye mke na mume hao walisimulia jinsi walivyoanguka usiku ule, mbele ya hadhira kubwa kuliko yoyote waliyowahi kuota. Kipindi kilipokaribia kuisha Beatles walirudi na nyimbo mbili.

Hapo ndipo utaona mashine ilivyofanya kazi. Sullivan alikuwa mwandishi wa safu ya gazeti, mtu mkavu asiyejua aweke wapi mikono yake akiwa jukwaani, na kwa miaka 23 hakuna aliyejali. Alikuwa na kitu cha kungojewa, na waliokingoja hawakuwa na pa kwenda. Vituo vikubwa vilikuwa vitatu. Kuinuka kwenye kochi kwenda kuzungusha kitufe cha runinga kulikuwa na hatari ya kuwakosa Beatles. Kwa hiyo chumvi ya Kaps ilionwa na watu milioni 73. Mseto ulikuwa kile ulichopewa ukiwa unangoja ulichokijia.

America's Got Talent kiliichukua mashine hiyo na kuitia injini mpya. Leo mtu hazuiliwi na uchache wa vituo, basi mzuie kwa majaji na kura. Asiyependa wapiga filimbi atamvumilia mpiga filimbi kwa kuwa anataka kuona kitufe chekundu kikibonyezwa. Aliyempenda mtoto fulani mwezi Juni atarudi wiki baada ya wiki kujua kama amevuka. Msimu ule mtoto huyo alikuwa Grace VanderWaal, mwenye miaka 12, aliyekuja na ukulele na nyimbo alizotunga mwenyewe, na watu walimfuata hadi aliposhinda mwezi Septemba. Mwaka uliofuata alishinda Darci Lynne Farmer, binti anayesemesha vikaragosi bila kufungua mdomo, sanaa ambayo wajuzi wa runinga walikuwa wamekwishaisomea matanga.

Sasa angalia walichokabidhiwa Rudolph na Short. Ukikosa kuwatazama wiki ya tatu, umekosa nini ambacho wiki ya nne itakudai? Hakuna. Kulikuwa na vichekesho vifupi kadhaa, wimbo, mgeni mashuhuri, kwaheri. Asubuhi yake kila kipande kipo kwenye intaneti, kimekatwa, kinatazamwa kwenye simu na mtu aliye kwenye foleni. Anayependa kipande kimoja hana sababu ya kukaa saa nzima akivumilia vingine vitano. Hilo lingekiua kipindi chochote cha mseto, hata Sullivan afufuke akiongoze.

Uchungu wake ni kwamba walioangushwa walikuwa bora kuliko wengi waliofanikiwa. Rudolph ni binti wa Minnie Riperton, mwimbaji ambaye mwishoni mwa wimbo wake uliovuma katikati ya miaka ya 1970 analitaja jina la mtoto wake, Maya, tena na tena. Mama alifariki mwaka 1979, Maya hajatimiza miaka saba. Sauti aliirithi, na kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha NBC cha Jumamosi usiku, alikokaa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, aliitumia kuwaigiza Whitney Houston na Beyoncé kwa namna iliyoonyesha kuwa anaijua kazi yao kwa ndani. Short, Mkanada wa Hamilton, Ontario, ana tuzo ya Tony ya mwaka 1999 na ile nguvu ya watu wa jukwaa wa zamani: akiingia anaingia na mwili mzima. Ukiorodhesha watu wa kizazi hiki wanaoweza kuimba, kucheza, kuigiza na kumtania mgeni bila kumuumiza, majina haya mawili yatakuwa juu kabisa.

Hata ndani ya zile wiki sita kilikuwepo kitu kilichofanya kazi bila kuyumba: Jiminy Glick. Short huvaa mwili wa bandia wa bonge la mtu, nywele zimelazwa, na kuwa mwandishi wa habari za mastaa asiyejua lolote kuhusu mastaa. Anamuuliza Larry David swali la kudhalilisha, sauti inapanda ghafla hadi kuwa mluzi kisha inaporomoka hadi kwenye besi, na kabla jibu halijafika anakuwa amekwishachoka nalo. Mgeni hajaandikiwa maneno, na mtazamaji anamwona akipambana asicheke. Lakini Glick hakuzaliwa kwenye kipindi hiki. Short alimwanzisha mwaka 1999, akampa kipindi chake mwaka 2001, akamtembeza miaka na miaka. Kichekesho chenye mizizi kuliko vyote hapo kilipandwa kwingine, na hilo lingetosha kuwafungua macho wakubwa wa NBC.

Kwa maana kipo kingine kinachoweza kumfanya mtu angoje, tofauti na Beatles na tofauti na kura: kuwajua watu. Mchekeshaji Carol Burnett alikijenga hicho. Mkataba wake na CBS ulikuwa wa miaka 10, na ulikuwa na kifungu kimoja cha ajabu: ndani ya miaka mitano ya mwanzo, akitaka kipindi cha mseto cha saa moja, CBS italazimika kumpa vipindi 30. Muda wa kifungu ulikaribia kuisha alipopiga simu kukidai. Wakubwa walimtafutia komedi ya nusu saa badala yake, na mmoja wao akamweleza kwamba mseto ni kazi ya wanaume. Akashikilia karatasi yake. Kipindi kikaanza mwaka 1967, kikamalizika mwaka 1978.

Kwenye msimu wa pili likaja lile igizo la daktari wa meno, ambalo hata asiyewahi kuona kipindi kizima ameliona. Tim Conway ni daktari mgeni kazini, Harvey Korman ni mgonjwa kwenye kiti. Conway anajichoma mkononi kwa bahati mbaya sindano ya ganzi. Mkono unakufa. Anajaribu kuendelea na kazi, anajichoma na mguu, mguu nao unakufa, akawa anauburuta kuzunguka kiti huku akijifanya mambo ni shwari. Korman anageuza uso, anauficha kwa mkono, machozi yanamtoka, mabega yanatikisika. Ganzi inachekesha, sawa, lakini ukumbi ulikuwa unamcheka Korman. Walimfahamu. Walishamwona akiwa mfalme, mume, askari, tajiri, wakajua ni mtu anayejivunia kutotoka nje ya uhusika wake, na wakajua kwamba Conway, mwenye desturi ya kuficha vituko vyake hadi siku ya kurekodi, amekuja kumvunja. Wakati igizo lile linarushwa, vile vipindi 30 vya mkataba vilikuwa vimekwishapita.

Thelathini kwa sita. Sitaki kuifanya hesabu iwe hoja yote, maana mwaka 1991 Burnett mwenyewe alirudi CBS na kipindi kipya cha aina ile ile na hakikumaliza miezi miwili. Kufikia hapo nyumba zilikuwa na kebo, rimoti ilikuwa mkononi, na uvumilivu wa vituo ulikuwa umefupika kuliko wa watazamaji. Tena baada ya miaka 13, kujuana kunaanza upya.

Mwenye kustahili lawama kubwa, kwa maoni yangu, ni yule aliyekuwa na kila sababu ya kujua. Mzalishaji mkuu wa Maya & Marty alikuwa Lorne Michaels, baba wa Saturday Night Live. Huyu alikwishajaribu kuupeleka mtindo wake saa za jioni mwaka 1984, kwenye NBC hiyo hiyo, kwa kipindi kilichoitwa The New Show, kikafa baada ya mara tisa. Na mwanzo wenyewe wa umaarufu wake ulimfundisha somo kutoka upande wa pili. Alipoanza mwaka 1975 hakuweza kulitumia jina la Saturday Night Live, kwa sababu kituo cha ABC kilikuwa kimelitoa jina hilo kwa kipindi cha mseto cha jioni kilichoongozwa na mtangazaji wa michezo Howard Cosell. Cosell alikuwa na kundi la wachekeshaji, Bill Murray akiwemo, lililojiita wachezaji wa saa za watazamaji wengi. Michaels, kwa dhihaka, akawaita wa kwake wachezaji ambao hawajawa tayari kwa saa hizo. Cosell aliondolewa Januari 1976, na Murray akahamia kwa Michaels mwaka uliofuata. Waliobaki ni wale wa saa tano na nusu usiku, waliopata nafasi ya kuwa wabaya kwa majuma kadhaa bila mtu kupiga kelele, hadi watazamaji wakawazoea.

Michaels alijua, basi, na bado alikubali wiki sita za kiangazi. Ukitazama kalenda unaelewa ilivyotokea. Saturday Night Live hupumzika kuanzia mwishoni mwa Mei. Kenan Thompson, aliyekuwa msaidizi mkuu wa jukwaani wa Maya & Marty, alikuwa likizo. Mikey Day, aliyekuwa bado mwandishi tu huko, naye alikuwa na nafasi. Kipindi kilipachikwa kwenye pengo la ratiba ya kipindi kingine, kama kibarua cha likizo ya shule.

NBC kwa upande wake ilikuwa na homa. Desemba 5, 2013 ilirusha moja kwa moja tamthilia ya muziki ya The Sound of Music na kupata watazamaji zaidi ya milioni 18, na mkuu wake wa burudani, Robert Greenblatt, akaamini kuwa Wamarekani wana kiu ya jukwaa. Mei 2014 Rudolph akapewa usiku mmoja wa majaribio, nao ukawekwa mara baada ya The Voice, shindano jingine. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Neil Patrick Harris na kipindi kilichonunuliwa kutoka Uingereza: mara nane, basi. Mwaka 2016, Maya & Marty. Kinachoshangaza ni jinsi kila jaribio lilivyotegemea mgongo wa shindano ili lipate watu, bila mtu kujiuliza kwa nini watu walikuwa kwenye shindano tangu mwanzo.

Pesa nayo imo, ingawa sitakaa sana hapo. Mseto unadai bendi, wacheza dansi, mandhari mpya na mavazi mapya kila wiki, na ukishaonyeshwa hauna thamani kubwa ya kurudiwa. Washindani wa vipaji wanajileta wenyewe na nguo zao. Mhasibu yeyote anajua achague kipi.

Kuna anayeweza kunijibu kwa In Living Color. Fox ilikiweka kipindi hicho cha Keenen Ivory Wayans saa za jioni mwaka 1990, kikiwa na vichekesho vifupi, wacheza dansi na wanamuziki wa hip hop, kikadumu hadi 1994. Januari 1992 kilirusha vichekesho moja kwa moja wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, na kuiibia CBS watazamaji zaidi ya milioni 20, kiasi kwamba mwaka uliofuata wenye ligi wakaamua kumwita Michael Jackson awashikie watu wao. Hicho kilifanikiwa, tena bila majaji. Lakini kilikuwa na watu waliokuwa wakingoja kwa miaka kujiona kwenye runinga wakiwa ndio wanaotoa mzaha. Na kilikuwa na wahusika waliorudi, wiki baada ya wiki, hadi watoto shuleni wakawa wanayasema maneno yao. Maya & Marty hakikuwa na kundi linalokidai. Kilikuwa cha kila mtu, kwa heshima na adabu, na cha kila mtu hakuna anayekihisi kuwa ni chake.

Baada ya hapo kila mmoja alikwenda kufanya mseto wake mahali pengine. Short alizunguka kumbi za Marekani na rafiki yake Steve Martin kwa nyimbo, matusi ya kirafiki na hadithi za Hollywood, na Netflix ikaonyesha usiku mmoja wa ziara hiyo mwaka 2018. Waliolipa kiingilio walikuwa wamewangoja wawili hao kwa miaka 30. Rudolph alirudi Saturday Night Live mara kwa mara kumwigiza Kamala Harris, na uhusika huo ukampatia tuzo ya Emmy.

Thompson na Day nao walirudi kazini likizo ilipokwisha, safari hii Day akiwa mwigizaji kamili. Aprili 2024 wote wawili walikuwa kwenye igizo moja na Ryan Gosling. Thompson alikuwa profesa anayehojiwa kuhusu akili bandia, Gosling na Day wakikaa nyuma yake wamevaa kama wahusika wawili wa katuni, Beavis na Butt-Head. Igizo lilikuwa limekaa kabatini kwa miaka kadhaa, likingoja mgeni wa kulibeba. Heidi Gardner, aliyekuwa na uhusika wa mtangazaji na mwenye sifa ya kutocheka hovyo, aligeuka akamwona Day, akajikaza, akageuka tena, na sauti ikagoma kutoka. Alikuwa msimu wake wa saba.